Bibi Zamoyoni na Nyumba ya Bondeni

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale palikuwa na kijiji cha vilima. Kila kilima na nyumba yake, kila nyumba na moshi wake. Ukiita, mwangwi ndio unaokuitikia.

Juu ya kilima kimoja alikaa Bibi Zamoyoni na mumewe, Mzee Lugendo. Siku moja mzee akaanguka shambani, puu! Akafa. Bibi akapiga ukelele. Hakuna aliyesikia. Akakaa na maiti siku mbili, akifukuza nzi kwa upindo wa nguo yake, mpaka mpita njia akapeleka habari.

Arobaini ilipopita, Bibi akashika mkongojo. Akapanda, akashuka, akapanda, akashuka. Kila nyumba akauliza swali moja:

“Ni jambo gani linalokushinda ukiwa peke yako?”

Wakamwambia. Wengine kutwanga, wengine kujifungua. Wazee wakasema ugomvi wao hauishi kwa sababu hawana pa kukutania.

Akawaita bondeni, akachora nyumba kwa majivu. Watu wakaanza kuvutana. Wazee walitaka baraza, watwangaji uwanja, na Semeni mkunga alitaka pahali pa utulivu. Kila kundi likadai nyumba yake.

Bibi akasema, “Tukijenga tatu, tutakuwa tumejenga vilima vingine.”

Akafuta, akachora tena. Mbele baraza, katikati ua wa vinu, nyuma chumba cha uzazi, chenye ukuta mnene na mlango wa pembeni. Paa moja. Watu wakaenda kukata nguzo.

Nyumba ikasimama. Vinu vikalia, tu! tu! tu! Wazee wakapatana. Katika chumba cha nyuma kitoto kikalia. Bibi akazunguka milango yote, asione pa kuketi. Akarudi kilimani kwake polepole.

Siku ya nne Semeni akamfuata.

“Bibi, mbona huji?”

“Kule kila mtu ana linalompeleka. Mimi linalonishinda ni kumkosa Lugendo. Hilo sikujua nilichore wapi.”

Semeni akaketi naye mpaka jua likachwa. Kesho yake akaja mtu mwingine, akaketi. Keshokutwa mwingine.

Upweke wa Bibi haukupona. Ila hakuachiwa aubebe peke yake, mpaka siku zake zikatimia.

Basi, wenzangu, anayewakusanya watu naye hufuatwa kwake.

Ngano yangu nimeitua hapo.