Jinsi Bi Shingo Alivyojifunza Kuwinda

Paukwa!
— Pakawa!
Nianze?
— Anza, masikio tunayo!

Hapo zamani za kale, kabla binadamu hajakanyaga mchanga, baharini aliishi Bi Shingo. Alikuwa wa ukoo wa mijusi. Tumbo lake pana kama mtumbwi, mapezi manne kama makasia, na shingo, jamani, shingo! Ndefu kama mlingoti.

Bi Shingo alikuwa mjamzito. Njaa ilimuuma, njaa ya wawili.

Akawafukuza samaki. Samaki wakaliona lile tumbo. "Jabali linakuja! Kimbieni!" Wakakimbia. Akalala njaa.

Akaenda kwa jirani yake, Papa. "Bwana Papa, wewe unawindaje?"

"Namshukia samaki kwa kasi, namuuma. Lakini wewe, bibi, na shingo hiyo? Utajifunga fundo!" Papa akacheka mpaka akageuka chali.

Bi Shingo akajaribu hivyo hivyo. Akashuka kwa kasi, shingo ikaenda huku, tumbo likabaki kule. "Jabali linakuja! Kimbieni!" Wakakimbia. Akalala njaa.

Mara ya tatu hakuwa na nguvu tena. Akazama kwenye maji ya tope, akalia. "Mwanangu, nisamehe."

Tope likalificha tumbo. Shingo peke yake ikachomoza. Samaki wakapita karibu, wakasema, "Aa, ni mwani tu huu."

Bi Shingo akaacha kulia. Akasogeza kichwa pole, pole, pole... nyaku! Nyaku tena! Akala, akashiba.

Papa akasikia habari. "Hata mimi naweza!" Akajizika topeni, mwili mzima. Tope likamjaa mashavuni, pumzi ikamkatika. "Bi Shingo! Nakufa!"

Bi Shingo akakikumbuka kile kicheko. Akasimama kidogo. Kisha akanyoosha shingo, akamshika mkia, akamvuta.

Papa akauliza kwa aibu, "Mbona umeniokoa, nami nilikucheka?"

"Nimelala njaa nikiiga mwendo wako, bwana. Uchungu wa kuiga naujua."

Siku Bi Shingo alipojifungua, Papa ndiye aliyemzunguka akilinda, adui asipite.

Basi, wanangu, kila kiumbe kina njia yake ya kutafuta riziki. Usilionee haya umbo lako, wala usimcheke mwenzako kwa lake.

Ngano yangu imetua hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.