Nukta Mia Mbili za Mkono wa Bibi

Machungu ya jambo huyajua aliye ndani yake. Aliye nje hukisia tu, hata akiwa amevimaliza vitabu vya rafu nzima. Wapo watu wanaoambiwa neno hili mara moja wakalishika. Wapo na wengine ambao hulikubali kwa midomo, lakini mioyoni mwao hungoja mpaka ulimwengu uwafunze. Binti wa kisa hiki alikuwa wa kundi la pili, ingawa ulimwengu ulimfunza kwa upole, kwa kuutumia mkono wa bibi yake mzaa mama.

Bibi huyo alikuwa mshonaji. Kwa miaka arobaini na mmoja alishona sare za shule, mapazia na magauni ya maharusi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, hata mtaa mzima ukalisahau jina lake na kumwita Fundi. Kisha kiharusi kikamjia asubuhi moja bila kubisha hodi. Ulimi ulimrudia baada ya wiki tatu, mguu baada ya miezi miwili. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Mkono ule uliokuwa ukipitisha uzi kwenye tundu la sindano bila msaada wa miwani ukawa unalala mapajani mwake kama mgeni asiyejua atakaa mpaka lini.

Mara mbili kwa wiki alipelekwa kliniki ya viungo. Huko zoezi lake kuu lilikuwa moja: akae kitini, akichukue kikombe kilichowekwa upande wa kushoto wa meza, akifikishe mdomoni, kisha akiweke upande wa kulia. Ni jambo la mtoto wa miaka miwili, lakini kwake lilikuwa kama kupanda mlima na gunia mgongoni. Kidoleni alivishwa kihisi, kidude mfano wa punje ya haragwe, ambacho mara ishirini katika kila sekunde kiliandika mahali mkono ulipo: umekwenda kiasi gani kushoto au kulia, mbele au nyuma, juu au chini. Safari moja ya kikombe ilimchukua Fundi sekunde kumi, yaani nukta mia mbili.

Siku moja mtabibu wa viungo, bwana mpole mwenye sauti ya chini, alivuta kiti akaketi karibu naye.

"Mama, mimi macho yangu yanaona nafuu," alisema. "Ila jopo la kliniki linalogawa nafasi halipimi kwa macho yangu. Viti vya mazoezi ni kumi, na wanaovisubiri ni thelathini na wanne. Alhamisi wataamua nani aendelee na nani ampishe mwenzake. Nikiwapelekea jedwali la namba hawatalisoma. Nahitaji picha, mtu akitupa jicho aone."

"Picha utapata," Fundi alijibu. "Nyumbani ninaye mke mwenzangu, kazi yake ni namba. Analala nazo."

Mke mwenza huyo hakuwa mwingine ila mjukuu wake, kwa utani ule wa mabibi na wajukuu wao. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mtakwimu aliyehitimu akiwa wa kwanza darasani, wala hakuwaacha watu wasahau hilo. Kumpenda bibi yake alimpenda kama mboni ya jicho. Kumsikiliza ndiko kulikokuwa na kasoro, kwa maana aliamini kwamba kila kinachofaa kujulikana kimo ndani ya jedwali.

Jumatatu alasiri aliketi katika chumba cha mbele, pembeni ya cherehani iliyofunikwa shuka, akaifungua kompyuta yake. Programu ya takwimu aliyoitumia haikuwa ya kubofyabofya. Ilitaka kuandikiwa maagizo, nayo hutii kama askari kwenye gwaride, bila kuuliza kama agizo lina busara. Aliyaleta majedwali mawili, la mwezi wa kwanza na la wiki iliyopita. Mara akaona kasoro: namba moja ilidai kwamba mkono wa bibi ulikuwa mita mbili chini ya sakafu. Ili kuzinasa namba za aina hiyo, aliyapanga majedwali yote mawili kwa kimo, la chini kwanza na la juu mwisho, akaifuta ile ya uongo, akaendelea na kazi. Aliiagiza programu iweke kila nukta mahali pake, kwa upana, kwa kina na kwa kimo, kisha iziunge zote kwa mstari mmoja.

Picha ya mwezi wa kwanza ilitoka fupi na nyembamba, kama kiota kilichoachwa na ndege. Ya wiki iliyopita ilipotokea, msichana alisogeza uso karibu na kioo. Mstari ulikwenda kushoto, ukarukia kulia, ukarudi kushoto, ukarukia tena kulia, kutoka usawa wa meza mpaka usawa wa mdomo. Aliizungusha kwa kipanya, akaitazama ubavuni, akaitazama kwa juu. Kila upande ulikuwa utando wa buibui aliyerukwa na akili. Tena mirukio hii ilikuwa mipana maradufu kuliko ile ya mwezi wa kwanza. Maana yake ilikuwa wazi kama jua la mchana: mkono ulikuwa unazidi kutetemeka.

Aliifunga kompyuta, akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Fundi alimfuata kwa mkongojo wake, akaketi mlangoni.

"Mke mwenza, mbona umenuna?"

"Hamna, bibi. Kichwa tu."

"Kichwa gani hicho kinachokufanya usuuze kikombe kimoja mara tatu?"

Msichana aliweka kikombe chini. "Nilikuwa nafikiri, labda ungepumzika kidogo. Uiache kliniki kwa muda, ujikalie nyumbani. Mimi nitakusaidia kila kitu."

Fundi aliuinua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaugeuza kiganja juu, akautazama. "Kwa hiyo picha imeshatoka."

"Imetoka, lakini haifai."

"Haifai, au hainifai?"

Msichana alikichukua tena kile kikombe, akaanza kukifuta.

"Nioneshe."

"Bibi, utaumia moyo bure."

"Mkono ni wangu. Hata ukiwa mbaya, nina haki ya kuusalimia."

Wakarudi chumba cha mbele. Fundi aliikodolea picha ile kwa muda mrefu, jinsi alivyokuwa akikikodolea kitambaa cha watu kabla ya kutia mkasi.

"Hii nini?"

"Njia ya mkono wako. Nukta mia mbili, zimeungwa. Hapa ni mezani, hapa juu ni mdomoni."

"Na huku kwenda na kurudi?"

"Ndiyo mtetemo wenyewe. Pole, bibi."

Fundi alikishika kipanya kwa mkono wa kushoto, akaizungusha picha taratibu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Mjukuu alidhani analia, akamsogelea kumkumbatia, kumbe anacheka.

"Huyu si mimi," alisema.

"Bibi, kompyuta haidanganyi."

"Sijasema inadanganya. Nasema huyu si mimi. Picha yako inasema nimekivusha kikombe kutoka kushoto kwenda kulia, nikakirudisha, nikakivusha tena, mara mia moja, kabla hakijafika mdomoni. Mke mwenza, si ningekufa kiu? Tena ndani ya sekunde kumi. Mkono huu ukivuka meza mara moja tu unaomba likizo."

Msichana alitabasamu bila kupenda. Fundi aliendelea, sasa bila mzaha.

"Mimi mkono huu nalala nao na kuamka nao. Kupanda, napanda upande wa kushoto, polepole, nahesabu pumzi nne. Kushuka, nashuka upande wa kulia. Sijawahi kurudi nilikotoka hata mara moja. Hebu niambie, kwenye mstari wako nimeanzia wapi? Nukta ya kwanza ni ipi, na ya pili ni ipi?"

Msichana alilifungua jedwali ili kumridhisha tu. Safu ya kwanza ilikuwa ya mwanzo wa safari. Safu ya pili ilikuwa ya sekunde ya kumi, safari ikiwa imekwisha. Ya tatu ikarudi mwanzoni, ya nne ikaenda mwishoni. Alipofika safu ya sita, masikio yake yalikuwa yanawaka moto. Programu ile huunga nukta kwa kufuata mfuatano wa safu zilivyoandikwa. Wakati haiujui mpaka iambiwe. Naye mwenyewe ndiye aliyezipanga safu kwa kimo, akasahau kuzirudisha. Kila nukta ya kupanda ilikuwa imefungwa na nukta ya kushuka iliyolingana nayo kwa urefu, na kadiri bibi alivyoweza kukifikisha kikombe mbali zaidi, ndivyo picha ilivyoharibika zaidi. Nafuu ndiyo aliyokuwa ameisoma kama ugonjwa.

"Bibi," alisema kwa sauti ndogo, "nimekosea mimi. Na nilitaka kukutoa kliniki kwa kosa langu."

"Kukosea si kesi. Fumua, ushone upya."

Agizo lilikuwa la mstari mmoja: jedwali lipangwe kwa wakati. Ule utando ukatoweka, na mahali pake pakasimama tao lililoanzia kushoto mwa meza, likapanda mpaka mdomoni, likateremka upande wa pili. Karibu nalo lilikaa lile la mwezi wa kwanza, kipande tu cha tao kilichoanguka kabla ya kufika katikati ya meza. Msichana alifuta macho kwa ukingo wa shuka la cherehani. Fundi alimwacha alie, akamwekea mkono mgongoni. Ule wa kulia, mzito, ukafika pale alipoutuma.

"Huyo sasa namjua," alisema, akiiangalia picha.

Alhamisi walikaribishwa mbele ya jopo. Wajumbe walikuwa watatu, na mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwenye ncha ya pua, ambaye hakuna kilichompita. Aliitazama picha, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaigeuza ubavuni na uso wake ukabadilika.

"Nafuu naiona," alisema. "Lakini hapa, wakati wa kushuka, mkono unaruka juu kidogo ndipo ushuke tena. Nimeangalia safari zote nane za wiki iliyopita zilizomo kwenye faili lake. Ni pale pale. Msuli unaoshtuka namna hii kwa kawaida umefika mwisho wa kupona kwake. Sioni miezi mingine mitatu itamsaidia nini, na wapo wanaosubiri."

Mtabibu aliinamisha kichwa. Msichana alikiona kinundu hicho cha kwenye mteremko kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kidogo, na furaha ya Jumatatu ilimfumba macho. Jibu lilimjia tayari, tena la kitaalamu: kwamba kihisi kina makosa yake, na kwamba mstari unaweza kulainishwa mpaka kinundu kikaisha. Alifungua kinywa. Kisha akamtazama bibi yake, ambaye hakuna aliyekuwa amemsemesha tangu aamkiwe mlangoni, akakifumba.

"Mheshimiwa, mimi sijui sababu yake," alisema. "Naomba aulizwe mwenye mkono."

Macho yote yalimgeukia Fundi.

"Hapo pana mkono wa kiti," alisema. "Kile kiti chenu cha mazoezi kina mikono ya mbao. Nikishuka, kiwiko kinakaribia kuugonga, basi nakiinua kidogo ili kuukwepa. Mwezi wa pili ulinichubua. Tangu hapo tunaheshimiana."

"Mama," mtabibu alisema, "miezi mitano yote hukuniambia?"

"Miezi mitano yote hukuniuliza, daktari. Kila siku unaniuliza kama naumwa. Siumwi, nakwepa."

Mjumbe mmoja alikohoa ili asicheke. Mwenyekiti hakucheka, aliagiza kiti kisicho na mikono kiletwe kutoka mapokezi. Fundi akavishwa kihisi, kikombe kikawekwa kushoto. Alihesabu pumzi nne. Mkono ulipanda, ukagusa mdomo, ukateremka upande wa kulia na kukitua kikombe mezani kwa sauti ndogo iliyosikika chumba kizima. Msichana alilipanga jedwali kwa wakati, akalikagua mara mbili, ndipo akachora.

Tao lilitoka zima. Lilikuwa na mikunjo midogo midogo, kama mwandiko wa mtoto anayejifunza, lakini kile kinundu hakikuwapo. Mwenyekiti aliligeuza huku na huku, akavua miwani yake.

"Aendelee," alisema. "Miezi mitatu, kisha tutatazama tena. Na kile kiti kikakatwe mikono leo hii. Sijui tumewahukumu wangapi kwa ajili yake."

Njiani kuelekea nje palikuwa na ngazi saba. Kwa desturi msichana humshika bibi yake kwapani na kumteremsha upande wa kushoto, penye reli. Safari hii alisimama kwenye ngazi ya juu.

"Bibi, ukishuka hapa, upande gani unakufaa?"

Fundi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anayempima gauni.

"Wa kulia," alisema. "Reli inanivuta vibaya. Nilikuwa nasubiri tu siku utakayouliza."

Wakashuka kwa upande wa kulia, ngazi moja moja, yule msomi akifuata na yule mgonjwa akiongoza. Na kila aliyewatazama aliona wazi kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.