Racheti Fupi ya Leonsi

Tangu asubuhi upepo wa Ufipa ulikuwa ukirusha vumbi la Majengo huku na huko, na Yonas, fundi wa magari, naye hakutulia. Ilikuwa miaka ile biashara ya mahindi ilipoachiwa watu binafsi, na kila mwenye lori alikimbia kama aliyefukuzwa na nyuki. Bi Cornelia, mjane wa Kizwite, alikuwa amepakia magunia themanini ya kupeleka bandari ya Kasanga. Meli ingeng'oa nanga jioni. Akichelewa, mnunuzi angechukua mahindi ya mwingine, na mtaji wake wote ungeliwa na fukusi.

Lakini lori halikuwaka. Meno ya stata, mota ya kuwashia, yalikuwa yameng'ang'ania injini, hata kulisukuma kusingefaa kitu. Ilibidi stata ing'olewe. Boliti mbili zilitoka upesi. Ya tatu ilijificha kati ya injini na chesisi, fremu ya lori, mahali pa kupenya kiganja tu.

"Nipe nusu saa, mama," Yonas alijigamba.

Nusu saa ikapita, na nyingine. Kila alipovuta racheti yake, spana inayofungua jino kwa jino kwa kwenda na kurudi, mpini mrefu uligonga chesisi kabla jino halijashika. Hasira zikampanda. Akachomeka bomba kwenye mpini, akavuta kwa nguvu za fahali. Paa! Racheti ikakatika, ngozi ya vidole ikabaki kwenye chuma.

Leonsi, fundi mwenzake aliyekuwa akiziba pancha pembeni, akamnyooshea racheti yenye mpini usiozidi kidole.

"Hicho kijiko cha uji?" Yonas akabeza.

"Ndicho. Na wewe una njaa, mshikaji. Chukua!"

"Fundi, jua linapanda!" Bi Cornelia akafoka. "Kama umeshindwa, sema niite mwanamume mwingine."

Maneno hayo yalimchoma kama pilipili kidondani. Yonas akajitosa tena uvunguni, akaimwagia boliti dizeli, akaanza. Mpini ulisogea kidogo tu, ukarudi. Kri. Ukasogea, ukarudi. Kri.

"Haiendi!"

"Imekwenda jino moja," Leonsi akajibu, macho kwenye pancha yake. "Rudia."

Miguu ya Yonas ilipigapiga vumbi. Mara mbili aliichomoa racheti aitupe mbali. Mara mbili alisikia kandambili za mjane zikienda na kurudi kando ya gurudumu, akairudisha. Kri. Kri. Grisi ikamdondokea jichoni, asiipanguse. Uzi baada ya uzi, boliti ikalegea, hatimaye ikamwangukia kifuani.

Stata ikatoka. Wapagazi waliopakia magunia wakalisukuma lori mteremkoni, likakohoa, likanguruma.

"Usizime mpaka Kasanga!" Bi Cornelia alimwamuru dereva huku akirukia ndani. Saa nane walipita Matai, na jioni waliikuta meli ingali gatini.

Kule gereji Majengo, Leonsi alinyoosha mkono kudai chombo chake. Yonas akakifumbata.

"Ngoja kwanza, kaka. Kesho nina gari jingine."

Leonsi akacheka. Fahali alikuwa amevunja chuma bila kuitikisa boliti. Jino moja moja likaing'oa. Hakika, bandu bandu huisha gogo.