Faili la Wifi

Sogeeni mbele, nafasi ipo. Leo nawapa kisa cha dada mmoja wa Tabora. Nitamwita Nyamizi, na kama humu ndani yumo mwenye jina hilo, anisamehe, si yeye.

Nyamizi alikuwa mtunza kumbukumbu katika ofisi moja kubwa. Kazi yake ilikuwa kupokea mafaili yanayotumwa kwa mtandao, na mafaili hayo, ndugu zangu, yalikuwa yanadanganya. Limeandikwa picha, kumbe ni barua. Limeandikwa barua, kumbe ni kirusi cha kuua kompyuta. Mwenzake wa ofisini akamwonyesha kijiprogramu kidogo cha kupachika kwenye kivinjari, ile programu tunayofungulia mtandao. Kazi yake moja tu: hakisomi jina la faili, kinachungulia ndani, kinakwambia hiki ni kitu gani hasa, na kinakufungulia hapohapo ukione.

Nyamizi akakipenda. Akakipenda mno. Ukishazoea kuona majina yanadanganya kazini, je, ukirudi nyumbani macho hayo unayavua mlangoni?

Mama yake alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma. Marehemu aliuguzwa na mkwewe, Mwamvita, mke wa mdogo wake Nyamizi. Familia ilikuwa na kabati lao mtandaoni, mahali pa kuweka picha na nyaraka, kila mmoja anaingia. Siku moja Nyamizi akaingia kutafuta picha ya mama. Akakuta faili limewekwa na Mwamvita, limeandikwa "Picha ya ua." Akabonyeza, halifunguki. Akakiita kile kijiprogramu chake. Kikamjibu: hii si picha. Ni sauti. Dakika mbili na nusu.

Akatazama tarehe ya kurekodiwa. Wiki moja kabla ya kifo.

Akaanza kujiuliza. Sauti ya nani, wiki moja kabla ya kifo? Na kwa nini iitwe picha? Akakumbuka kwamba Mwamvita ndiye aliyeshika funguo za nyumba ya mama. Akakumbuka alivyonyamaza siku ya arobaini, nyumba ilipotajwa. Chai aliyoletewa msibani kwa mikono miwili, salamu za simu za kila asubuhi, vyote vikageuka rangi. "Huu ni wasia," akajiambia. "Mama amesema nyumba ni ya nani, na huyu ameufukia."

Hakuusikiliza. Aliogopa wasije wakasema ameuchezea. Aliutaka usikilizwe mbele za watu.

Jumapili akawaita wote nyumbani kwa marehemu: mdogo wake, mashangazi wawili, na baba yao mkubwa aliyebaki. Kompyuta akaiweka juu ya meza. Mwamvita alipoliona lile faili kwenye kioo, uso ulimbadilika, na Nyamizi akauona ukibadilika. Nani asingesema, huyo tayari amenaswa?

"Wifi," Mwamvita akasema kwa sauti ya chini, "nakuomba. Njoo chumbani kwanza tuzungumze."

"Tuzungumze nini cha chumbani? Zungumza hapahapa."

"Wifi, kwa heshima ya mama, usifungue."

"Mnamsikia?" Nyamizi akawageukia wazee. "Mnamsikia kwa masikio yenu?"

Akabonyeza.

Kwanza kikohozi. Kisha sauti ya mama, nyembamba, wakaitambua wote.

"Mwamvita, leo Ijumaa?"

"Ndiyo, mama."

"Nyamizi alisema anakuja Ijumaa."

"Alisema, mama."

"Na Ijumaa ile nyingine alisema. Na ile nyingine." Akakohoa tena. "Nimpigie tena? Au nitamsumbua kazini?"

Nyamizi akanyoosha mkono aizime, akachelewa. Sauti ikaendelea.

"Mwanangu, nikiondoka, watu wasijue kwamba hakuja. Watamsema. Wewe waambie alikuwa anakuja."

Ikaisha.

Mwamvita akaanza kulia. "Nilirekodi kwa hasira, wifi. Nilitaka nikutumie uyasikie. Lakini mama akamalizia na hayo, ningetumaje? Na kuifuta nikashindwa, ni sauti yake. Simu ilipoanza kuharibika nikaihifadhi kule, nikaipa jina ambalo hakuna mtu angehangaika nalo."

Nyamizi akageuka kwa baba mkubwa, akingoja aambiwe neno. Yule mzee akajipapasa sikio. "Mimi nimezeeka," akasema, "sijasikia kitu. Nyinyi mmesikia?" Mashangazi wakatikisa vichwa. Hawajasikia. Mdogo wake akainama, naye akasema hajasikia.

Nyamizi akateleza kutoka kwenye kiti, akakaa chini sakafuni karibu na wifi yake, akalia mbele ya wote. Mwamvita akamvutia kwake. Wasia haukuwapo, hakuna aliyeuficha. Nyumba iligawanywa mwaka ule kwa watoto wote wa marehemu, bila ugomvi. Lakini mpaka leo Nyamizi husema, siku ile angekubali kuingia chumbani, angelia mbele ya mtu mmoja tu.

Sasa, ndugu zangu, kile kijiprogramu kilikosea? Hakikukosea. Kilisema ni sauti, na ilikuwa sauti. Kinaweza kukwambia kitu ni nini. Kwa nini kimefunikwa, hicho hakijui, na sisi nasi hatujui, ila tunajifanya tunajua. Tukiona pazia, tunasema nyuma yake kuna mwizi. Hatusemi kuna mgonjwa anabadilishwa nguo.

Sisemi tuache kuchunguza. Wapo wezi, na mafaili yenye sumu yapo. Lakini mimi ninayesimama mbele yenu, nina mambo yangu ambayo watu wameyafunika, na wengine wao sijawahi hata kuwashukuru, maana siwajui. Na wewe unao. Usiniangalie hivyo, unao.

Kuna mtu umeanza kumfuatilia. Wifi, jirani, mke, mume. Umeona anaficha kitu, na umeshapanga siku ya kumwumbua. Akikuomba faragha, mpe. Kaa naye, muulize taratibu. Huenda anayesitiriwa ni wewe.