Zamu ya Maji ya Nakijwa

Hadithi, hadithi!
— Njoo, tumekaa.
Nije na utamu au na uchungu?
— Njoo ulivyo.
Basi nakuja na uchungu, na mtu asiniombe sukari.

Hapo zamani za kale, huko milimani Upareni, palikuwa na binti akiitwa Nakijwa. Miguu yake ilipooza utotoni, akawa anajikokota kwa mikono. Wazazi walikwisha kufa. Alichobaki nacho ni kijishamba cha maharage, ndicho chakula chake cha mwaka. Maharage yanataka maji, na maji yako kwenye ndiva, lile bwawa la kijiji. Sheria ya ndiva ilikuwa moja: asiyefanya msaragambo, kazi ya wote, hapati zamu ya maji.

Likapigwa baragumu. Nakijwa akajikokota mpaka bwawani, akakuta watu wanakanda udongo wa kuziba ukuta. Kukanda udongo, wenzangu, ni kazi ya kukaa chini. Akatia mikono. Msimamizi, Mzee Mchome, akamwona.

"Aa, mwanangu, pole. Wewe pumzika."

Akapumzika. Msaragambo wa pili, akaja.

"Mwanangu, usijitese. Pumzika."

Wa tatu, akaja. Udongo ulikwisha kumfika viwikoni.

"Jamani, mtoeni huyu binti juani. Pumzika, mama."

Watu wakamsifu Mchome kwa moyo wake mwema. Akufukuzaye hakwambii toka.

Siku ya kugawa zamu, wote wakaitwa. Nakijwa hakuitwa.

"Baba, na mimi?"

"Hukufanya kazi, mwanangu. Mkono mtupu haulambwi."

"Si wewe uliyenipumzisha?"

"Nilikuonea huruma. Maji hayagawiwi kwa huruma."

Mmeyasikia hayo? Na wewe unayecheka huko nyuma, hujafa hujaumbika.

Alfajiri Nakijwa akaenda bwawani. Akakaa, mgongo kwenye gogo linaloziba tundu la maji. Mwenye zamu ya kwanza akaja kulizibua.

"Dada, sogea."

"Napumzika."

Akaja wa pili. "Napumzika." Akaja wa tatu. "Napumzika."

Na mila yao, aliyepumzishwa na msimamizi haguswi, mpaka msimamizi mwenyewe amwite kazini. Watu wakamkimbilia Mchome: mwite, tumwagilie! Mchome akagoma. Amwite, kijiji kizima kijue kwamba alikosea? Heri jua liwake.

Jua likawaka. Mahindi yao yakajikunja. Maharage ya Nakijwa yakajikunja. Wengine walimletea uji pale alipokaa, wengine walimletea matusi. Mwishowe mke wa Mchome akamwambia mumewe, "Migomba yetu inakufa. Huo ukubwa wako tutaupika?"

Mchome akaja, macho chini. "Nakijwa, njoo kazini."

Akasogea. Akakanda udongo mchana kutwa, wakimtazama, wala hakuna aliyekufa kwa kumwona akifanya kazi. Akapewa zamu, ya mwisho kabisa.

Maji yalipofika kwake, maharage yalikuwa mashina makavu. Jirani akasema, "Pole, dada. Sasa maji ya nini tena? Si utuachie sisi?"

Nakijwa akajikokota mpaka mferejini. Akaufungua mfereji kwa mikono, akamwagilia yale makavu, shina kwa shina, huku analia. Alipofika la mwisho ndipo akasema, "Ni zamu yangu."

Hadithi yangu nimeitua hapo. Aliyeiona chungu, aende nayo kwake. Aliyeiona tamu hakusikiliza.