Mbiu ya Bi Nguchiro na Sahani ya Tembo

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni. Wewe wa mlangoni, ingia ukae. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Haya, kimya! Nisikie pumzi tu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majumba yao na majiko yao, habari zilitangazwa na wapiga mbiu. Bi Nguchiro alikuwa mmoja wao. Alfajiri hupanda kichuguu chake, akapaza sauti: nani kafiwa, nani kajifungua, chui kaonekana wapi. Akishuka, kila nyumba humpa konzi ya mtama. Huo ndio uliolisha wanawe.

Basi Tembo akafungua ua wake, mpana, wenye kivuli kizuri. Kwa masikio yake yale alisikia kila mbiu, na papo hapo akairudia kwa mkonga: Paaa! Wanyama wote wakahamia kwake, wakimpelekea ndizi na miwa. Vichuguuni hakubaki mtu. Wana wa Bi Nguchiro wakalala njaa.

"Maneno yetu, shibe yake!" alifoka Kanga, mkubwa wa wapiga mbiu. "Twende kwa Simba atunge sheria, Tembo atulishe!"

"Kudai ni haki yetu, shoga," Bi Nguchiro akajibu. "Lakini Simba naye tunamtangaza. Akitupa sheria, yeye atataka nini?"

"Atake atakacho! Kwani wanao wanakula maswali?"

Wakaenda. Simba akawasikiliza, akamwita Tembo kando wakanong'onezana, akarudi anatabasamu.

"Nimekubali. Tembo atawalisha wapiga mbiu wote, kwa amri yangu. Ila mambo ya nyumbani kwake na ya nyumbani kwangu si ya kutangazwa. Kesho mchana mtakula kiapo."

"Tumekubali!" Kanga akapiga kelele. Ke-ke-ke-ke!

Moyo wa Bi Nguchiro haukutulia. Siku hizo mto ulikuwa umekauka, na hakuna aliyejua kwa nini. Akaona, kabla ya kuufunga mdomo wake, ajue kwanza anaufungia nini. Akaufuata mto juu, mbio mbio, hadi chemchemini. Lahaula! Magogo yamerundikwa, maji yamezuiwa, bwawa limejaa pomoni. Na kandoni nyayo za Tembo na za Simba tu.

"Kumbe! Nikila kiapo, wanangu watashiba, na majirani zangu watakufa kiu nami nimenyamaza."

Akamkimbilia Kanga. "Shoga, tangaza wewe, una sauti!"

"Thubutu! Unataka kunitilia kitumbua changu mchanga? Na hata ukitangaza wewe, nani atakusikia? Wote wako kwa Tembo."

Bi Nguchiro akacheka. "Wote wako kwa Tembo, eeh? Basi hapo ndipo patamu."

Alimjua Tembo. Hurudia mbiu pumzi kwa pumzi, hafikiri, asije mwingine akamtangulia. Kulipopambazuka, akapanda kichuguuni.

"Sikieni! Mto umezibwa!"

"Paaa! Sikieni! Mto umezibwa!" Tembo akarudia.

Uani wakashtuka. "Na nani? Na nani?"

"Aliyeuziba ana mkonga!"

"Paaa! Aliyeuziba ana mkonga!"

"Ana masikio kama nyungo!"

"Paaa! Ana masikio kama nyungo!"

"Na Simba huoga naye bwawani!"

"Paaa! Na Simba huoga naye bwa..."

Mkonga ukaning'inia. Ua mzima ukamgeukia.

"Mzee Tembo," Nyati akasema polepole, "umetuambia mwenyewe."

Wakamiminika chemchemini. Puu! Puu! Magogo yakang'olewa, maji yakateremka, shwaaa! Simba alipofika na kiapo chake, alimkuta Kanga peke yake uani kwa Tembo, kashika sahani akingoja kulishwa.

Na wanyama wakarudi kichuguuni, kila mmoja na mtama wake. "Tusamehe, mama," wakasema. "Tulikwenda kusikia habari kwa Tembo, tukamsahau mwenye kuzileta. Tutakulisha sisi."

Mpiga mbiu alishwe na anaowatangazia, asilishwe kwa amri ya wale anaotakiwa kuwachunguza.

Tembo akarithi aibu ya kutembea akipepea masikio. Simba akarithi matope ya bwawa. Kanga akarithi kelele zisizo habari. Na wana wa Nguchiro wakarithi kusimama kwa miguu ya nyuma, shingo juu, wakitazama nani anafanya nini.