Mbegu Tuliyoipika Makande

“Dari ya jirani haitunzi mbegu yako.” Shangazi yenu Navoneiwa amemwambia kaka yenu hivyo asubuhi, nanyi mmekuja mbio kuniuliza neno hilo limetoka wapi, kana kwamba mimi ndiye niliyelizaa. Haya, ketini, na mikono ifanye kazi, maana mahindi hayo hayatajipukuchua yenyewe. Methali hiyo haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa Irindi, katika shamba la Mama Namkunda, mama mzazi wa huyo shangazi yenu.

Zamani baada ya mavuno, kila mama alichagua mahindi yake mazuri, akayafunga kwa maganda na kuyaning’iniza darini juu ya meko. Moshi uliyapiga mwaka mzima yakawa meusi, na dumuzi, yule mdudu mla nafaka, hakuyasogelea. Tuliyaita mahindi ya moshi. Hata mtoto mwenye njaa hakuyagusa, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa shamba la mwakani. Tena ilikuwa mwiko kumnyima mtu mbegu. Panya wakiingia darini kwako, ulikwenda kwa jirani ukaomba, ukapewa, ukarudisha baada ya kuvuna. Desturi nzuri kabisa hiyo, na ndiyo iliyotumaliza.

Siku moja ikaja kampuni ya mbegu. Bwana shamba wake alikuwa kijana mpole aitwaye Gwakisa. Alituambia mkutanoni kwamba mbegu zao zimebadilishwa vinasaba huko maabara, hata funza wa mabua akiuma shina anakufa.

“Ila msiweke mbegu kutoka katika mavuno,” akasema. “Mbegu hizi ni mali ya kampuni. Kila msimu mtachukua kwetu.”

Bibi Nakiete, jirani yake Namkunda, alikuwa na mdomo usiolala njaa. “Mahindi yakishaota shambani kwangu, yana baba mwingine?” akauliza. Tukacheka mpaka tukafuta machozi. Gwakisa naye alicheka, akaanza kugawa mbegu.

Sitawadanganya: mbegu ile ilizaa. Tulivuna hadi tukakosa pa kuweka, na funza tukamsahau. Mahindi ya moshi yakabaki yananing’inia bila kazi. Mwanzoni akina mama walipanda kipembe kimoja kila msimu ili mbegu isife, kisha wakachoka. Nani alime mara mbili na kampuni ipo?

Namkunda alipomwoza mwanawe wa kwanza, wageni walifurika na makande yakapungua. Akainua macho darini.

“Mama, na mbegu?” Navoneiwa akamwuliza. Wakati huo alikuwa msichana tu.

“Teremsha, mwanangu. Nakiete anayo. Nikihitaji nitaomba kwake.”

Yakapukuchuliwa, yakachanganywa na maharage, yakapikwa. Wageni waliyasifu yale makande, wakauliza nani kapika.

Haikupita miaka mingi, kampuni ikaja na masharti mapya. Atakayetaka mbegu aiuzie kampuni mavuno yote, na asipande kitu kingine katikati ya mahindi. Watu wakanung’unika chini chini. Namkunda hakunung’unika, alisimama. Shamba lile alikabidhiwa na mama mkwe wake siku alipoingia nyumbani kama bibi harusi, na tangu siku hiyo alikuwa akipanda humo mahindi na maharage pamoja. Ndivyo alivyolea watoto wake wote.

“Asanteni kwa mlichotupa,” akawaambia. “Sisi tunarudi kwenye mahindi yetu.”

Tulimpigia makofi! Vichwa vyetu vilikuwa juu siku ile. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika, kwa hiyo alitoka mkutanoni akapitia nyumbani kuchukua kibuyu, akaenda kwa Nakiete.

“Dada, nimekuja kuomba mbegu ya moshi.”

Nakiete alitazama kibuyu, kisha akamtazama yeye. “Namkunda, mimi nilikuwa nakuja kwako.”

“Kwangu kuna nini? Tuliipika siku ya harusi. Si ulikula wewe mwenyewe?”

“Nilikula nikijua umebakiza. Mwanamke kama wewe!”

“Na mimi nilipika nikijua wewe unayo.”

“Yangu tuliisaga wakati ule unga uliponiishia,” Nakiete akasema. Sauti ilikuwa imemshuka. “Nikajiambia, Namkunda yupo.”

Wakatoka wawili wale, wakazunguka kijiji kizima. Kwa kina fulani walikuwa wameila na maziwa, kwa wengine wamewapa kuku. Hakuna aliyewanyima, kila mmoja aliwaelekeza nyumba nyingine kwa moyo mkunjufu, hadi wakafika nyumba ya juu kabisa, na mwenye nyumba akawaambia, “Mbona mnahangaika? Nendeni kwa Namkunda.”

Hapo ndipo Namkunda alipoketi chini. Mimi nilikuwepo, nikaketi kando yake.

Mvua haikumsubiri. Alikwenda ghala la kampuni, akapewa mbegu kwa masharti yale yale. Gwakisa akaja shambani kuona jinsi anavyopanda. Namkunda alikuwa na maharage amefunga katika pindo la kanga, na kijana akayaona.

“Mama, maharage hapana.”

“Baba, niruhusu mstari mmoja tu. Wa kula na watoto.”

“Ingekuwa shauri langu, ningekuruhusu,” Gwakisa akasema, akiangalia chini.

Nadhani alisema kweli. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuna aliyeingia darini kwetu kutuibia. Tulijilia wenyewe, kila mmoja akimtegemea mwenzake, tukalamba na vidole. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwa sababu ningekuwa na mwizi wa kumlaani, ningelala vizuri.

Mama mzima yule, mwenye wajukuu, alisimama ndani ya shamba lake akiomba ruhusa ya kupanda maharage, na akanyimwa. Akafungua pindo la kanga, akammiminia Navoneiwa maharage yote mikononi.

“Rudisha nyumbani,” akamwambia. “Nawe ukija kuwa na jiko lako, ukumbuke: dari ya jirani haitunzi mbegu yako.”

Navoneiwa akayabeba maharage yale akilia, na mama yake akainama kupanda mbegu ya watu. Kwa hiyo akiwaambia neno hilo msimcheke, wanangu. Jirani ni mwema, na ukiomba hatakunyima. Lakini dari ya jirani haitunzi mbegu yako.